NYOTA ZINAZALIWA WAPI?



Katika gazeti hili tumezoea kuwakumbusha juu ya usafi wa bweni, kengele ya asubuhi na matayarisho ya egzameni ya Leta. Mara hii sisi wa mwaka wa mwisho tumeomba nafasi ya somo moja la sayansi. Juu ya nini? Kwa sababu kuna maneno matatu yanayozunguka katika mabweni, na tumeona si vizuri yaendelee bila jibu.

Neno la kwanza: «Nyota ni zile zile tangu mwanzo wa dunia, hakuna mpya.» Neno la pili: «Kusema kwamba nyota inazaliwa ni kumpinga Mungu aliyemaliza kazi yake.» Neno la tatu: «Hata kama zinazaliwa, mambo hayo ni ya watu wenye mashini kubwa. Mutoto wa Masisi atapata nini humo? Afadhali aende kuchimba mawe.»

Basi tufwate somo pole pole. Mwenye kusoma mpaka mwisho atapata jibu la kila neno, na tena atajua mahali pa kuelekeza macho katika mbingu yetu ya Mushaki.

1. Mahali penye giza si mahali patupu

Usiku usio na mwezi wala mawingu, tunaona mkanda mweupe unaokatiza mbingu. Unaitwa Njia ya Maziwa, na jina hilo linawafaa watu wa Masisi. Weupe ule ni nuru ya nyota nyingi mno zilizo mbali, hata jicho haliwezi kuzitenga moja moja. Lakini mukitazama vizuri mutaona ndani ya mkanda ule madoa meusi, sawa na ukuta uliopakwa chokaa na mtu mvivu aliyeruka sehemu.

Zamani hata wataalamu walidhani kwamba madoa yale ni matundu. William Herschel, mtazamaji mkubwa wa nyota wa karne ya 18, alifikiri hivyo. Baadaye Edward Barnard wa Marekani alipiga picha nyingi za madoa hayo, na mwaka wa 1919 akatoa orodha yake. Ikaeleweka kwamba si matundu. Ni mawingu ya gazi na vumbi yanayoziba nuru ya nyota zilizo nyuma yake.

Sisi watu wa vilima tunaelewa jambo hili haraka. Asubuhi ukungu ukipanda kutoka bonde, tunamwona mwenzetu aliye karibu, lakini kilima cha ng'ambo kimepotea. Kilima hakikuondoka. Ukungu ni mwepesi, lakini uko mwingi kati yetu na kile kilima. Na mawingu ya anga ni hivyo hivyo, ila ni mepesi kupita ukungu wetu mara nyingi mno. Katika kisanduku cha sentimeta moja kila upande, hewa tunayovuta hapa iko na molekuli karibu 20,000,000,000,000,000,000. Katika wingu la namna ile, kisanduku kama hicho kina molekuli mia chache mpaka elfu kadhaa tu. Lakini wingu lenyewe ni kubwa sana, hata nuru inahitaji miaka mingi kulivuka, na ndiyo maana linaweza kuziba nyota.

Ndani yake kuna nini? Sehemu kubwa ni hidrojeni, kisha heliamu, na vumbi kidogo sana, karibu kilo moja ya vumbi katika kilo 100 za wingu. Baridi yake ni ya kutisha: karibu digri 260 chini ya sifuri.

Kumbukeni maneno mawili haya, giza na baridi, kwa sababu humo ndimo nyota zinazaliwa.

2. Namna nyota inavyozaliwa

Mutu anaweza kuuliza: kitu cha moto kama nyota kinatokaje katika baridi? Jibu liko katika vita ya nguvu mbili.

Nguvu ya kwanza ni mvutano, ile inayoangusha jiwe chini. Kila chembe ya wingu inaivuta ingine, na wingu lote linataka kujikusanya. Nguvu ya pili ni msukumo wa gazi, unaotaka kutawanya. Gazi yenye moto inasukuma sana, gazi yenye baridi inasukuma kidogo. Kwa hiyo mahali penye baridi kali na gazi nyingi, mvutano unashinda. Mwingereza James Jeans alipiga hesabu ya jambo hilo mwaka wa 1902, na hesabu yake inafundishwa mpaka leo.

Hatua zake ni hizi:

Kwanza, sehemu ya wingu inajikusanya na kuwa donge. Mara nyingine inasaidiwa na nyota kubwa iliyopasuka karibu na kulisukuma wingu.

Pili, gazi inaangukia katikati ya donge, na kwa kuanguka inapata joto. Tazameni chukudu inayoshuka kutoka Mushaki kwenda Sake na mizigo ya viazi. Hakuna anayeisukuma, mvutano ndio unaiendesha. Mwenye chukudu akikanyaga kipande cha mpira ili kuifunga, mpira unapata moto hata unanuka. Nguvu ya kuanguka imegeuka kuwa joto. Tena mukipiga pompi ya kinga mutasikia chuma chake kimepata joto, kwa sababu hewa imebanwa. Katika donge mambo hayo mawili yanafanyika pamoja: gazi inaanguka na kubanwa.

Tatu, donge linazunguka, na kadiri linavyojikusanya linazunguka mbio zaidi. Gazi na vumbi vingine haviangukii katikati mara moja, vinatandaa kando kama sahani. Katika sahani ile sayari zinaweza kutengenezwa baadaye.

Ine, joto la katikati linapanda mpaka karibu digri milioni 10. Hapo viini vya hidrojeni vinaanza kuungana na kuwa heliamu, na kazi hiyo inatoa nguvu nyingi. Sasa nyota imeanza kuishi kwa moto wake mwenyewe. Jua letu lilichukua miaka karibu milioni 50 kutoka kuanguka kwa gazi mpaka kutulia. Leo Jua lina umri wa miaka 4,600,000,000 hivi, na kila sekonde linageuza hidrojeni tani milioni 600 hivi kuwa heliamu.

Tuongeze onyo moja. Si kila wingu jeusi linazaa. Karibu na nyota za Msalaba wa Kusini kuna doa jeusi kubwa linaloitwa Gunia la Makaa. Ni wingu kweli, liko mbali karibu miaka 600 ya nuru, lakini wataalamu hawakukuta humo nyota changa. Kuwa na gazi na vumbi haitoshi, lazima vijikusanye kwa nguvu.

3. Tunajua namna gani?

Swali hili ni la haki, na mwanafunzi mzuri aliulize kila mara. Hakuna mtu aliyeishi miaka milioni moja akitazama nyota moja ikikua.

Fikirini mgeni anayefika katika masomo yetu kwa siku moja tu. Hatakaa miaka sita. Lakini siku ile ataona watoto wa kalasi ya saba, ataona wa katikati, ataona sisi wakubwa, na ataelewa namna mwanafunzi anavyokua. Watazamaji wa nyota wanafanya vile vile. Wanaona madonge ambayo bado ni ya baridi, wanaona mengine yenye joto katikati, wanaona nyota changa zenye sahani, wanaona nyota za umri wa Jua, na wanazipanga kwa umri.

Mholanzi Bart Bok na mwenzake Edith Reilly waliandika mwaka wa 1947 kwamba madonge madogo meusi ndiyo mahali nyota zinapoanza. Wakati ule hawakuwa na njia ya kuona ndani. Mwaka wa 1990 wataalamu wengine walitazama ndani ya madonge hayo kwa mionzi ya joto na kukuta nyota changa. Tangu wazo mpaka ushuhuda ilipita miaka 43.

Mionzi ya joto ni nini? Mama anayepika kwenye mbabula anajua. Makala yakifunikwa na majivu, jicho linaona majivu tu, lakini mkono ukikaribia unasikia moto. Vumbi la wingu linaziba nuru ya kawaida, lakini mionzi ya joto inapita. Darubini ya James Webb, iliyorushwa kutoka Kourou tarehe 25 Desemba 2021, iko na kioo cha meta 6.5 na inaona mionzi hiyo. Tarehe 12 Julai 2022 zilitolewa picha zake za kwanza, na moja ilionyesha ukingo wa wingu la Karina lenye nyota changa ambazo zamani zilikuwa zimefichwa na vumbi. Na mwaka wa 2014 darubini za ALMA, kule Chile, zilipiga picha ya nyota changa inayoitwa HL Tauri, isiyofikisha miaka milioni moja, imezungukwa na sahani yenye duara juu ya duara.

4. Mutazame kwa macho yenu

Sasa tunafika kwenye jambo linalotufurahisha zaidi. Mushaki iko karibu digri moja na nusu tu kusini ya ikweta. Watu wa Ulaya hawaoni nyota nyingi za kusini. Watu wa kusini kabisa hawaoni nyota nyingi za kaskazini. Sisi, kwa mwaka mmoja, tunapitishiwa mbingu karibu yote juu ya vichwa vyetu. Tena vilima vyetu viko juu, na usiku hakuna taa nyingi za kuharibu giza.

Mwanzo wa mwezi wa pili, wakati wa kiangazi kidogo, mutoke karibu na saa tatu ya usiku na kutazama juu kabisa. Mutaona nyota tatu zilizopangwa mstari mmoja. Huo ndio mshipi wa Orioni. Kutoka mshipi mwende upande wa kusini, upana wa vidole vitatu kwa mkono ulionyoshwa. Hapo kuna nyota ndogo zilizofwatana, na ile ya katikati haikuchongoka kama zingine. Iko kama ukungu. Hiyo ni nebula ya Orioni (nebula ni neno la Kilatini, maana yake ukungu). Ndiyo mahali pakubwa pa kuzaliwa nyota palipo karibu nasi, na jicho lenyewe linapaona bila darubini.

Iko mbali karibu miaka 1,300 ya nuru. Mwaka wa nuru si muda, ni mwendo wa nuru kwa mwaka mmoja, kilometa 9,500,000,000,000 hivi. Nuru mutakayoiona ilianza safari miaka 1,300 iliyopita. Mfaransa Nicolas-Claude Fabri de Peiresc aliiona kwa darubini mwaka wa 1610. Katikati yake kuna nyota nne kubwa zilizo karibu karibu, ambazo hazijafikisha miaka milioni mbili. Kwa umri wa Jua, hao ni watoto wachanga kabisa. Nuru yao kali inapiga gazi na gazi inawaka rangi. Nyuma yake kuna wingu jeusi kubwa ambamo zingine zinaendelea kuzaliwa. Darubini ya Hubble ilikuta humo zaidi ya sahani 100 zinazozunguka nyota changa.

Karibu na Orioni kuna kundi la Kilimia, ambalo wazee wa Kiswahili walilipa jina la kulima. Nyota zake nazo ni changa, zina miaka karibu milioni 100. Kuna ukungu wa buluu unaozizunguka, lakini unaonekana katika picha tu. Ukungu ule hauwaki wenyewe, unarudisha nuru ya nyota. Ni sawa na usiku ambao lava inawaka ndani ya Nyiragongo: tukitazama mashariki tunaona wingu jekundu juu ya mlima, lakini moto uko chini, wingu linapokea tu.

Mwanzo wa mwezi wa tano, saa mbili ya usiku, mutazame kusini. Huko iko nebula ya Karina, mbali karibu miaka 7,500 ya nuru. Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille aliiandika alipokuwa Cape Town katika miaka ya 1751 na 1752. Alisafiri miezi mingi kwa meli ili kuona mbingu ambayo sisi tunaipata mlangoni.

Mashauri yetu: mukae gizani minuti 20 kwanza, ili macho yazoee. Musiwashe telefoni. Musikodolee doa lenyewe, mutazame kando kidogo, litaonekana vizuri zaidi. Na tunaomba sana: hakuna kutoka nje ya uzio. Muombe ruhusa kwa mwangalizi wa bweni, mutazamie uwanjani, mukiwa kundi. Tunajua kwamba kwa wengi wetu usiku ni kitu cha kuogopa. Kuna wenzetu waliokimbia usiku na kulala katika hema za plastiki, na waliotazama mbingu wakisikiliza tu risasi zinatoka upande gani. Asiyetaka kutoka, asilazimishwe wala asichekwe.

5. Je, ni kumpinga Mungu?

Tumeuliza, tumefikiri, na jibu letu ni hapana.

Mwanzo 1 inasema Mungu aliumba nyota. Sura ile ile inasema aliumba wanyama wa kufugwa. Je, ndama akizaliwa leo katika malisho ya Masisi, nani kati yetu anasema kwamba kuzaliwa kwake kunampinga Muumba? Tunashukuru, na tunaita mutu wa kumsaidia ng'ombe. Zaburi 104 inasema juu ya majani yanayoota kwa ajili ya ng'ombe, na inayahesabu kuwa kazi ya Mungu, ingawa yanaota kila mvua. Ayubu 38 inataja Kilimia na Orioni kwa majina, na humo Ayubu anaulizwa maswali mengi juu ya mambo asiyoyajua. Hakukatazwa kutazama.

Mwanafunzi anayeacha swali la fizikia bila jibu kwa kuogopa dhambi, anapoteza alama bure. Katika Njia ya Maziwa yote kila mwaka gazi ya kutosha kutengeneza jua moja au mawili hivi inageuka kuwa nyota. Ni kidogo, lakini haijakoma.

6. Na mutoto wa Masisi?

Tumebaki na neno la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote, kwa sababu limeondoa wenzetu kalasini. Hatuwahukumu. Njaa ni njaa, na karo ni karo, na vita imemaliza ng'ombe wa wazazi wengi.

Lakini tuulize: jiwe lile lenyewe limetoka wapi? Koltani ya Rubaya ina tantali, inayotiwa katika telefoni na kompyuta. Atomu za tantali hazikutengenezwa hapa duniani, wala katika Jua. Zilitengenezwa katika nyota zilizoishi na kufa kabla ya Jua. Zilipokufa zilitawanya vumbi, vumbi likaingia katika wingu jeusi la baridi kama lile la Orioni, na katika wingu hilo likazaliwa Jua pamoja na dunia yetu. Chuma kilicho katika damu yetu kilipita njia ile ile. Kalsi iliyo katika fromaji ya Masisi vile vile.

Kwa hiyo si kweli kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali. Jiwe ambalo watu wa nchi nyingi wanalitafuta ni la kwetu, na historia yake inaanzia katika mawingu haya. Anayelichimba bila kujua, anapokea bei ambayo mwingine amepanga. Kemia, fizikia na jeolojia hazileti chakula kesho asubuhi, hilo tunakubali. Lakini bila hizo tutaendelea kubeba gunia la jiwe ambalo wengine wanalijua kutuzidi. Mwenzetu ambaye bado anawaza kuacha, tunamwomba avumilie mpaka mwisho wa mwaka, na aje kwetu tusome pamoja jioni. Na kama shida ni karo, aseme mapema kwa mwalimu wake, asitoweke kimya.

Maswali ya kujizoeza

1. Juu ya nini madoa meusi ya Njia ya Maziwa si matundu? Eleza kwa mfano wa ukungu.
2. Nguvu mbili gani zinapigana ndani ya wingu? Baridi inasaidia ipi?
3. Gazi inayoanguka inapataje joto? Toa mfano mwingine, usiwe chukudu wala pompi ya kinga.
4. Nuru ya Kilimia katika ukungu wake, na nuru ya gazi ya Orioni: tofauti yake ni nini?
5. Nuru inakwenda kilometa 300,000 kwa sekonde. Piga hesabu ya kilometa za mwaka mmoja wa nuru, na ulinganishe na namba tuliyoandika juu.

Majibu yaletwe kwetu kwa karatasi siku ya Posho baada ya kazi za mikono. Tutayasahihisha pamoja na mwalimu wa fizikia.

Ni sisi wenzenu wa mwaka wa mwisho.